Winchi kwenye gari jepesi

Leo tuko mbele ya Suzuki Jimny ya milango mitatu, kigari kinachopenda tope kuliko lami. Mwenyewe anataka winchi ya umeme. Ya ukubwa gani? Chukua uzito wa gari likiwa limesheheni, zidisha kwa moja na nusu. Jimny hii ikijaa haizidi kilo 1,435, kwa hiyo winchi ya pauni 5,000, kama kilo 2,270, inatosha. Ya pauni 12,000 ni mbwembwe tu, italemea springi za mbele bure.

Bampa ya plastiki haihimili mvuto. Fundi aivue, afunge bamba la chuma kwa bolti kwenye chasisi yenyewe.

Umeme ndio wa kukodolea macho. Winchi ikielemewa hunywa mamia ya ampea, hivyo waya wake ni mnene kama kidole, hutoka betri moja kwa moja na huwekewa swichi ya kukata. Unapopita kwenye ukingo wa bati, uvishwe mpira. Ukichunika pale, gari linaweza kuwaka moto. Wakati wa kuvuta, injini iendelee kunguruma, la sivyo betri itakwisha mkiwa bado topeni.

Kamba usiifungue yote, maana kile kifungo cha ncha yake pekee hakishikilii mzigo; acha mizunguko kadhaa kwenye ngoma, kama kitabu cha winchi kinavyoagiza. Tupia blanketi zito juu ya kamba, watu wakae mbali. Na mti uzungushiwe mkanda mpana. Cheni huchuna gome.