Kuchagua Vijana wa Miaka 18

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lolote la Kanada, ninakoishi. Nitasema habari za mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Msicheke, ninayo hoja.

Kila mwaka timu 32 za NHL, ligi kuu ya Kanada na Marekani, hugawana vijana, wengi wao wa miaka 18. Duru ni saba. Timu zilizofanya vibaya hutangulia kuchagua, ingawa nafasi za juu kabisa huamuliwa kwa bahati nasibu. Kabla ya siku hiyo watafuta vipaji wamekwisha zunguka viwanjani msimu mzima wakiandika kimo, uzito na mbio za kila kijana.

Hata hivyo, wanakosea. Mwaka 1993 Ottawa ilimchagua Alexandre Daigle wa kwanza na kumpa mkataba mnono mno. Hakuwa mbovu, lakini nyota iliyongojewa haikuonekana. Aliyechaguliwa wa pili, Chris Pronger, alipata tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2000. Naye Pavel Datsyuk, Mrusi mwembamba, alipitwa na timu zote mwaka 1996 na 1997. Mtu wa Detroit, Håkan Andersson, alikwenda kumtazama kijana mwingine, akamwona yeye. Detroit ikamchukua mwaka 1998, akiwa wa 171. Mwaka uliofuata ikamchukua Henrik Zetterberg, wa 210. Wawili hao ndio walioibeba timu kutwaa Kombe la Stanley mwaka 2008. Martin St. Louis, mfupi, hakuchaguliwa na yeyote. Mwaka 2004 alipata tuzo ile ile ya Pronger, na kombe juu yake.

Watafuta vipaji si wajinga. Kijana wa miaka 18 bado anakua, tena hupimwa akicheza na vijana wenzake. Aliyewahi kupata kifua huonekana hodari kuliko alivyo. Kanada watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, basi wa Januari humzidi wa Desemba karibu mwaka mzima. Ndiyo maana wa miezi ya mwanzo hujaa katika timu teule.

Sasa hoja yangu. Mfuko wetu humgharimia mwanafunzi mmoja tu kwa masomo ya juu, yule aliyeongoza mtihani wa Kidato cha Nne. Simsemi kijana wa mwaka huu, aliyeketi pale mbele. Yeye apewe chake. Lakini kuanzia mwakani napendekeza fedha hizo wagawane watatu, na mmoja wao ateuliwe na walimu bila kutazama namba yake darasani. Najua mweka hazina atasema fungu ni dogo. Kama yupo wa kuniunga mkono, naomba jambo hili liingie katika ajenda ya kesho asubuhi.