Safari ya Kigali: Neno la Wanakwaya Waanzilishi

 

 Katika jubilei hii ya miaka 25 tumeombwa tusimulie safari ya Kigali ya mwaka 2009. Picha yake mmeiona ukumbini, sisi na majoho yetu ya buluu. Leo tutasema na yale ambayo picha haionyeshi.

Tuliondoka Nakuru Alhamisi jioni, watu 34 katika basi la kukodi, na mbele yetu kilomita zipatazo 1,000. Nauli ilitokana na harambee mbili na chai na chapati tulizouza kila Jumapili baada ya ibada. Tuliimba mpaka Eldoret.

Malaba tulifika usiku wa manane. Siku hizo kitambulisho cha taifa hakikutosha kuvuka, kama ilivyo tangu 2014. Kila mmoja alihitaji pasipoti au hati ya muda. Ndugu yetu mmoja wa besi, aliyetufundisha nusu ya nyimbo tulizokwenda kuimba, hati yake ilikuwa imeisha muda siku nne kabla. Afisa alitwambia arudi ofisini asubuhi, huenda akapata nyingine. Tukapiga kura ndani ya basi. Mikono iliyotaka kumngoja ilikuwa mitatu. Tukamwachia shilingi 500 na blanketi, tukaenda. Hakuna aliyeimba mpaka Jinja.

Mengine yalikuwa mazuri, hatuwezi kuyaficha. Kayabwe tulisimama kwenye mstari wa ikweta kama watoto. Ijumaa tulilala Kabale, kwenye baridi kali, na Jumamosi asubuhi tukavuka Gatuna. Hapo majoho yetu yalivuliwa plastiki ya dobi moja baada ya jingine, kwa kuwa Rwanda ilikwisha kupiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, miaka tisa kabla yetu. Dereva naye alianza kuendesha upande wa kulia, na kina mama wakaanza kuomba kwa sauti.

Hatukwenda mbali. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo wananchi wote hufanya kazi za jamii na magari husimama. Polisi akatusimamisha. Tukashuka, tukapewa majembe, tukachimba mtaro pamoja na wanakijiji hadi saa tano. Tukawaimbia, nao wakatuimbia. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini hapo ndipo tulipoona aibu yetu: asubuhi tuliyokataa kumpa mwenzetu Malaba, tuliitoa kwa wageni bila kunung'unika.

Jumapili kanisa lilijaa. Tulipofika wimbo wake, besi ilikatika ubeti wa pili. Wenyeji walipiga makofi hata hivyo.

Tuliporudi nyumbani tulisikia habari. Jumapili hiyo hiyo alisimama hapa mbele peke yake, akawakusanya watoto wa shule ya Jumapili, akaongoza nyimbo ili kanisa lisikose kwaya. Jumatano alitungoja stendi na birika la chai. Hakuuliza lolote. Nasi hatukusema lolote, na miaka imepita.

Leo ameketi kati yetu. Jina hatulitaji, kwa maana hapendi kutajwa. Ndugu yetu, tulikosea. Haraka ilikuwa yetu, na gharama ukailipa wewe. Tunakuomba msamaha mbele ya kanisa lote.

Na ninyi vijana, mnaojiandaa kwenda Dodoma: kagueni hati za kila mtu mwezi mmoja kabla, msingoje mpakani. Na mmoja akikwama, basi lizimwe, wote mngojee. Mkichelewa, wenyeji watawasamehe. Kumwambia mwenzenu pole kumetuchukua sisi muda mrefu kuliko safari yenyewe.