Baridi Inaporudi Mwishoni mwa Kipupwe
Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa na huduma, Njombe



Nimefika kwenu katika juma ambalo wengi mlikwisha kuyakunja mablanketi ya ziada. Agosti inaishia, jua la mchana linachoma, watu wameanza kuzungumzia kiangazi, na ghafla baridi imerudi kana kwamba Juni inaanza upya. Jambo hili si geni katika nyanda zetu. Kusini mwa dunia majira ya baridi hayajafunga virago, na migandamizo mikubwa ya hewa iliyoko kusini mwa Bahari ya Hindi bado huusukuma upepo wa kusi, mkavu na wenye ubaridi, hadi kwetu. Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Usiku usio na mawingu ardhi hulitoa joto lake likapotelea angani, wala hakuna cha kulizuia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa Kipupwe, unaohusu Juni hadi Agosti. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba mwelekeo ulisema joto litakuwa la wastani, mbona leo tunatetemeka? Lawama hiyo haina haki. Mwelekeo wa msimu huzungumzia miezi mitatu kwa jumla, na huzungumza kwa uwezekano: kwamba hali ya wastani, au ya juu yake, au ya chini yake, ndiyo inayotarajiwa zaidi. Msimu wa wastani waweza kubeba ndani yake siku tano za baridi kali na bado ukabaki wa wastani. Anayetaka kujua kama aoshe mablanketi kesho asikilize utabiri wa saa 24. Anayepanga wiki yake asikilize wa siku kumi. Mwelekeo wa msimu ni wa kupangia akiba ya kuni, pembejeo na fedha.

Kuna jambo moja la utabiri ambalo wakulima wa vinyungu hawaelezwi vya kutosha. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kibanda cheupe, kwenye kimo kinachokaribia cha mtu. Nyuzi joto 3 mnazozisikia redioni zimepimwa hapo. Chini, kwenye majani ya viazi, usiku mtulivu joto laweza kuwa pungufu kwa nyuzi kadhaa, na sakitu, yaani umande ulioganda, ikatanda ilhali redio haikutaja sifuri. Tena hewa baridi ni nzito. Huteremka mlimani kama maji na kutuama bondeni, mahali penyewe palipo na vinyungu. Kwa hiyo mwenye shamba bondeni aondoe nyuzi chache katika kila utabiri anaousikia. Amwagilie udongo mapema jioni, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu, na miche midogo aifunike kwa nyasi hadi jua lichomoze. Akikuta majani ya viazi yamekuwa meusi asubuhi, asikimbilie kung'oa. Mara nyingi shina huchipua tena kutoka chini. Na akitokea muuzaji wa mbegu ya nyanya au maharage anayeapa kwamba haidhuriwi na sakitu, mwombeni awaonyeshe lebo ya TOSCI, kisha mwulizeni ni wapi kwenye lebo hiyo palipoandikwa ahadi yake.

Sasa niseme lililonileta hasa, nalo ni jiko la mkaa chumbani.

Nilipokuwa kijana nilipanga chumba kimoja na mwenzangu, mji wenye baridi kama huu. Usiku mmoja wa Julai tulipika, tukala, tukaona ni upumbavu kuliacha nje jiko lenye makaa mazuri namna ile. Moshi ulikuwa umekwisha. Tuliliingiza, tukaziba dirisha kwa gunia, tukalala. Usiku wa manane mwenzangu aliamka kutapika, akaanguka mlangoni, na katika kuanguka akausukuma mlango ukafunguka. Mimi sikusikia lolote. Nilizinduliwa na majirani nikiwa uani, kichwa kikigonga kama ngoma. Kama mlango ule ungefungukia ndani, hivi leo ningekuwa mfano katika hotuba ya mtu mwingine.

Tulidanganyika kwa sababu tuliogopa moshi. Makaa yaliyokolea, mekundu, yasiyo na moshi, huendelea kutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala muwasho. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu huishiwa hewa huku akipumua kama kawaida. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo. Ni rahisi kudhani ni mafua ya baridi. Lakini watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, na jiko limo ndani, msitafute dawa kwanza. Tokeni nje, watoeni watoto, kisha mwende hospitali hata kama mnaona nafuu.

Wapo wanaoweka beseni la maji kando ya jiko wakiamini kwamba litainyonya sumu. Halinyonyi. Kuacha dirisha wazi kwa upana wa kidole nako hakutoshi kuwa kinga kwa mtu aliyelala. Otea moto uani au jikoni penye hewa, halafu uliache jiko huko huko. Kitandani peleka chupa ya mpira yenye maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa.

Kuhusu umeme nitasema kwa ufupi. Hita ya wati 1,500 ikiwashwa saa nne kila usiku hula uniti 6, na kwa siku 30 ni uniti 180. Mteja aliye katika kundi la D1, lenye bei nafuu, anatakiwa wastani wa matumizi yake usizidi uniti 75 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo dukani kabla hujailipia hita, maana muuzaji hatakupigia.

Gesi ya kupikia ndiyo inayotuletea malalamiko mengi asubuhi za baridi: mtungi umenunuliwa juzi, leo moto ni hafifu, basi tumepunjwa. Huenda mmepunjwa kweli, lakini moto hafifu peke yake si ushahidi. Gesi ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata kwenye baridi kali sana, ila butani huacha kabisa kuchemka inapofika nusu nyuzi chini ya sifuri, na kabla ya hapo huwa imekwisha kuwa mvivu. Jua likipanda, moto hurudi. Msiusogeze mtungi karibu na moto ili kuuamsha, nawasihi.

Ushahidi ni mizani. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Tuseme mtungi wa kilo 15 umeandikwa kilo 16.5, ukiwa umejaa unapaswa kusoma kilo 31.5. Mdai muuzaji aupime mbele yako kabla hujalipa, na akikataa, nenda kwa mwingine na utuletee taarifa pamoja na risiti.

Mizani tuliyokuja nayo iko hapo nje, mkono wa kulia. Aliyefika na mtungi wake aupime kabla hajaondoka.