Spana Iliyokatwa
(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, Mwazye)



Nimeombwa niseme juu ya lori letu. Nitasema juu ya spana moja tu, kwani ndiyo iliyonitia aibu.

Ilikuwa Novemba, mvua imekwisha anza, na mbolea yenu imo garini. Stata ikafa. Bolti yake ya juu imejificha baina ya injini na fremu. Spana iliingia, lakini haikupata nafasi ya kuzunguka. Fundi akaomba ruhusa aikate mkono na kuupinda. Nikakataa, nikisema mali ya wanachama haiharibiwi. Mkangoja mbolea siku tatu.

Siku ya nne mzee mmoja wa ukoo wa wahunzi akaniuliza, “Mwanangu, jembe lilizaliwa na umbo lile?” Babu zetu Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu kupita kimo cha mtu, sikuwa na jibu.

Basi mkono ukakatwa, ukatiwa motoni hata ukawa mwekundu, ukapindwa. Kichwa kilifungwa kitambaa kibichi, maana chuma cha spana kikipata moto mkali hupoteza ugumu. Kisha kikapunguzwa unene kwenye jiwe la kunolea, kikichovywa majini kila mara. Bolti ikatoka kabla ya chai ya saa nne.

Spana hiyo ni nyembamba. Kwa nati za magurudumu haifai, itavunjika. Tumeipaka rangi nyekundu.

Katika makisio ya mwaka ujao nimeandika spana mbili za bei nafuu, za kukatwa. Naomba msizifute.