Kibano cha Springi na Mpira wa Maji ya Injini

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kisichotajwa mara nyingi, nacho ni kibano kinachoushika mpira wa maji katika injini ya motokaa. Mafundi wengi hukiita klipu. Bei yake ni ndogo, lakini kikilegea safari hukatika, na pengine injini nzima huharibika.

Tuitazame njia ya Mkuyuni. Motokaa itokayo Morogoro mjini hupita Bigwa, hupanda mlima wa Kiroka, ndipo hufika Mkuyuni. Na mbele yake ziko Matombo na Mvuha. Kwenda hubeba watu, na kurudi hubeba ndizi, mananasi, mafenesi na viungo. Injini ipandayo mlima na mzigo hupata moto mwingi. Maji ndiyo huuchukua moto huo na kuupeleka kwenye rejeta upozwe na upepo. Maji yakivuja, moto hukosa pa kwenda. Kichwa cha injini, ambacho mara nyingi ni cha alumini, hupindika, na gharama ya kukitengeneza yaweza kummaliza mwenye motokaa. Abiria hulala njiani, na mkulima hukosa soko la siku ile.

Sasa kibano chenyewe ni kitu gani? Ni ukanda wa chuma cha springi uliokunjwa kuwa duara, wenye masikio mawili yaliyotokeza. Ukiyabana masikio yakaribiane, duara hupanuka. Ukiyaachia, hujikaza lenyewe. Faida yake ni hii: mpira hutanuka ukipata moto na husinyaa ukipoa, na kibano cha springi huufuata hali zote mbili bila kuguswa na mtu.

Kiko na kibano cha skrubu, ambacho Lumley Robinson, ofisa wa majeshi ya majini ya Uingereza, alikitengeneza mwaka 1921. Hicho nacho ni chombo chema, na ni rahisi kukifunga kwa bisibisi. Lakini kwa desturi yake hukaa pale pale kilipokazwa. Alfajiri, baridi ikiusinyaza mpira, maji huanza kutoka tone kwa tone. Mwenye motokaa hukikaza tena na tena, mpaka ukanda waukata mpira. Ama kufunga kwa waya au kwa kipande cha tyubu, huko ni kwa kufika nyumbani tu.

Kwa nini basi watu wengine hukitupa kibano cha springi? Kwa sababu ya nafasi. Motokaa nyingi zina injini iliyobanwa sana. Toyota Noah za kwanza, zilizotengenezwa kati ya 1996 na 2001, zina injini chini ya viti vya mbele, na fundi hana budi kuinua kiti na kuingiza mkono mahali asipopaona vizuri. Hapo koleo huteleza, springi huruka, na fundi hukata tamaa. Lakini kazi hii haitaki nguvu kama inavyotaka utaratibu.

Jambo la kwanza, ngojeni injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta huyazuia maji kwa shinikizo, hata yaweza kufika karibu nyuzi 120 za Selsiasi bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa, maji hayo huchemka mara moja na kumrukia mtu usoni. Wengi wameungua hivyo. Tena ondoeni waya wa betri, kwa kuwa feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka yenyewe.

Jambo la pili, kingeni maji kwa beseni. Maji ya rangi ambayo mafundi huyaita kulanti, mengi yake yana sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa. Msiyamwage kijitoni. Vijito vya upande huu wa Uluguru huingia mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa hata Dar es Salaam.

Jambo la tatu, kabla ya kukitoa kibano cha zamani, angalieni masikio yake yaelekea wapi. Yabaneni kwa koleo, mkisogeze kibano nyuma juu ya mpira, kisha uzungusheni mpira taratibu mpaka uachie. Msiuchokonoe kwa bisibisi, maana shingo ya rejeta nyingi ni ya plastiki nayo huvunjika upesi. Kibano kilicholiwa na kutu, au kilichopanuliwa mpaka kimelegea, kitupwe. Kipya kiwe cha kipimo kile kile.

Jambo la nne ndilo kiini cha mazungumzo haya. Kivisheni kibano kwenye mpira kabla mpira haujaingia shingoni. Kisha, mpira ungali huru, kigeuzeni mpaka masikio yaelekee upande ambako koleo laweza kupita, mkajaribu kuyashika. Yasiposhikika sasa, hayatashikika baadaye. Safisheni shingo, ilowesheni kwa maji safi wala si kwa grisi, kwa kuwa mafuta huuharibu mpira. Sukumeni mpira uvuke ukingo uliotokeza kwenye shingo na uingie mpaka mwisho. Ndipo mkisogeze kibano kikae nyuma ya ukingo huo, kisiwe juu yake wala kisining'inie kwenye ncha ya mpira. Ikiwa mpira ni ule ule wa zamani, kirudi katika alama yake ya kwanza.

Koleo la kawaida lisipofika, liko koleo lenye waya mrefu lililotengenezwa kwa kazi hii. Meno yake huyashika masikio huko ndani, na mpini hukaa nje mkononi mwa fundi; tena hujifunga, mkono usichoke. Kikundi cha mafundi chaweza kulinunua kwa shirika. Kioo kidogo na tochi husaidia kuona upande wa nyuma. Na miwani ya kukinga macho isikosekane, maana springi ikiponyoka haichagui pa kupiga.

Mwisho, jazeni maji, washeni injini, mngoje mpaka ipate moto na mpira wa juu uwe wa moto pia. Tazameni kila kiungo. Ikiisha kupoa, tazameni tena na kuongeza maji yaliyopungua. Fanyeni hivyo tena baada ya safari ya kwanza ya mlimani.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi akikiweka kibano vizuri na kuyaelekeza masikio mahali panapofikika, amemsaidia mwenye motokaa, na amemsaidia pia fundi mwingine atakayeingiza mkono pale baada yake.