Dirisha la Amri Lifungukie Wapi? Mada kwa Wakufunzi wa Kompyuta wa Dzaleka na Lilongwe



Mada niliyopewa inaonekana ndogo: namna ya kubadilisha folda ambamo dirisha la amri huanzia. Mwenye kompyuta yake hulimaliza jambo hili mara moja akalisahau. Wanafunzi wetu wengi hawana kompyuta zao. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilifunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa kwa ajili ya watu 10,000 hivi. Sasa wamepita 50,000, na mashine moja ya darasani hupokezanwa kutwa nzima. Wengine huanza zoezi kambini wakalimalizia Lilongwe, kilomita arobaini na kitu, kwenye mashine wasiyoijua. Basi mpangilio huu tuuweke kwenye mashine au kwenye flashi ya mwanafunzi? Mimi nasema flashi.

Dirisha la amri la Windows likifunguliwa kawaida huanzia kwenye folda la mtumiaji, ndani ya C:\Users. Darasani wote huingia kwa jina moja, kwa hiyo kazi za wote hurundikana humo: mradi, mradi-mpya, mradi-mpya-kabisa, na mwenyewe hajulikani. Likifunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi huanzia C:\Windows\System32, na hapo ndipo roho yangu haitulii. Anayejifunza amri ya del asijifunzie palipo na mafaili ya mfumo wenyewe, tena akiwa na ruhusa za msimamizi.

Njia wanayoifahamu wengi ni ile ya njia ya mkato. Bofya kulia njia ya mkato ya dirisha la amri, ingia Properties, kisha kwenye kisanduku cha Start in futa %HOMEDRIVE%%HOMEPATH% na uandike folda unalolitaka, kwa mfano D:\Kazi\Asubuhi. Uzuri wake ni kwamba inagusa njia hiyo moja tu. Zamu ya mchana inaweza kuwa na yake. Ila ukiifungua kama msimamizi, kisanduku hicho hakisikilizwi, unarudishwa System32.

Njia ya rejista ndiyo ninayowaomba muiache. Ndani ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Command Processor unaweza kuweka thamani iitwayo AutoRun yenye cd /d D:\Kazi, na kila dirisha litaanzia hapo. Tatizo ni hilo neno kila. Faili la bat likibofywa huita cmd, yaani programu ya dirisha la amri, na AutoRun hutangulia: faili lililotegemea kuwa kwenye folda lake linajikuta limehamishwa, halioni mafaili ya jirani, linakwama. Anayekuja zamu inayofuata atahangaika bila kujua chanzo. Mkikuta mashine ya namna hiyo, iteni cmd /d, itairuka AutoRun.

Hiyo /d ya cd nayo ina kazi yake. Ukiwa C: ukaandika cd D:\Kazi peke yake, dirisha halilalamiki wala halisogei. Mwanafunzi hudhani kompyuta imekataa. Kumbe kuvuka diski kunahitaji /d.

Sasa flashi. Herufi yake haitabiriki: huku ni E:, kule ni F:, hivyo anwani kamili haifai. Tengeneza folda liitwalo Kazi, na kando yake faili liitwalo anza.bat lenye mistari hii:

@echo off
cd /d "%~dp0Kazi"
cmd /k

Alama %~dp0 humaanisha diski na folda lilimo faili lenyewe, popote flashi ilipochomekwa. Mstari wa mwisho huliacha dirisha wazi. Hata likiendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, mstari wa pili unamtoa mwanafunzi System32 kabla hajaandika chochote.

Mtaniambia flashi zetu zimejaa virusi, hasa vile vinavyoficha mafolda na kuweka njia za mkato za uongo. Ni kweli, zichunguzwe kwanza. Na palipo na marufuku ya kuendesha faili kutoka kwenye flashi, nakilini Kazi na anza.bat pamoja hadi kwenye eneokazi. Faili litafanya kazi vilevile.

Kwenye Windows 11 mpya, dirisha hufungukia ndani ya Windows Terminal, yenye mpangilio wake wa folda la kuanzia. Na kwa haraka, andika cmd kwenye upau wa anwani wa folda lolote, bonyeza Enter. Baada ya chai kila mmoja aandike anza.bat yake, tuijaribu kwenye mashine mbili tofauti.