Mchimbaji na Mlinzi

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nambis)



Kamati yetu imependekeza kwamba zawadi yetu kwa shule iwe tangi la kioo la maji ya chumvi, liwekwe katika maabara ya baiolojia, na ndani yake waishi samaki na kamba wa baharini wanaokaa shimo moja. Kwa kuwa nimeishi pwani miaka mingi na nimewafuga viumbe hao, nimeombwa nieleze habari zao, kisha nitoe maoni yangu.

Samaki mwenyewe ni mdogo, urefu wa kidole tu, na huitwa gobi. Mwenzake ni kamba ambaye gando lake moja ni kubwa kuliko la pili. Akilifunga kwa ghafla, maji huchomoka kwa kasi na kufanya kiputo. Kiputo hicho kikibonyea, mlio husikika kama wa bastola. Zamani ilidhaniwa kwamba mlio hutokana na gando kujigonga, lakini mwaka 2000 wataalamu walionyesha kwamba ni kiputo kinacholia. Katika Vita Kuu ya Pili kelele za kamba wa jamii hii ziliwasumbua wanamaji waliokuwa wakitega masikio kusikiliza nyambizi za adui.

Pamoja na silaha yake, kamba huyu haoni vizuri. Kazi anayoijua ni kuchimba. Mchana kutwa husukuma mchanga nje kama katapila, na kuta za handaki huzishikiza kwa vipande vya kombe na matumbawe. Gobi ana macho makali, lakini hana zana za kuchimba handaki la namna ile. Basi wamepatana: mmoja hujenga, mwingine hulinda mlangoni.

Kila kamba atokapo nje, papasi yake moja huigusa mwili wa gobi. Gobi akiona hatari hupepesa mkia, na kamba hurudi ndani mara moja. Hatari ikiwa kubwa, gobi naye hutumbukia kichwa mbele. Usiku wote wawili hulala ndani. Pasipo mlinzi, kamba hutoka kwa nadra, na kazi yake hudorora. Pasipo handaki, gobi ni chakula cha samaki wakubwa.

Sisi wa Mbulu tunaweza kuyaelewa haya upesi. Wazee wetu Wairaqw walichimba nyumba katika miteremko na kufunika dari kwa udongo, ili watu na ng'ombe wasionekane na wavamizi. Nyumba ya namna hiyo ilifaa pale tu mtu alipokuwa macho nje.

Sasa niseme juu ya kuwaunganisha tangini. Wengi hudhani ni kazi ngumu, kumbe wenyewe hutafutana. Majaribio yaliyofanywa kwa viumbe wa Bahari ya Shamu katika miaka ya 1970 yalionyesha kwamba gobi humtambua kamba kwa kumwona, na kamba humtambua gobi kwa dalili zilizomo majini, kama mtu anavyonusa. Si kila gobi hukubaliana na kila kamba, kwa hiyo hapana budi kuchagua aina zinazopatana tangu baharini.

Kazi ya mfugaji ni kutayarisha mahali. Mchanga uwe na kina cha sentimita 5 hadi 8, uchanganywe na vipande vya kombe, maana mchanga mtupu huporomoka. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa. Yakikaa juu ya mchanga, kamba atachimba chini yake na jiwe litamwangukia. Tangi lifunikwe, kwa sababu gobi huruka. Joto la maji liwe nyuzi 24 hadi 27, na chumvi isipande wala kushuka ovyo. Pampu izungushe maji usiku na mchana.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo penye maoni yangu. Fedha za kununua kioo tunaweza kuchanga leo kabla ya chakula. Lakini viumbe hawa hutolewa baharini wakiwa hai. Kule Kenya wako wavuvi wanaopiga mbizi kukusanya samaki wa mapambo, na wengi wa samaki hao hupelekwa ng'ambo. Anayemtoa kiumbe katika mwamba wake ana deni la kumtunza. Umeme ukikatika usiku mmoja, au shule ikifungwa na pasiwe na mtu wa kuongeza maji yaliyopotea kwa mvuke, tutakuwa tumewapa vijana somo la kifo.

Tangi nalo linahitaji mlinzi mlangoni. Sisi tunaokaa Arusha, Dar es Salaam na kwingineko tunaweza kuwa wachimbaji, lakini nani ataangalia kila siku, hata Krismasi? Nashauri tusinunue kitu mpaka awepo mwalimu aliyekubali kazi hiyo kwa hiari, msaidizi wake, na fungu la kila mwaka la umeme wa akiba na chumvi.

Wakati tunasubiri, liko somo kama hilo hapa hapa wilayani, lisilohitaji pampu. Katika Bonde la Yaeda, Wahadzabe hupiga mluzi, na ndege mwonyesha asali huwaongoza hadi kwenye mzinga wa nyuki porini. Watu hupata asali. Ndege hupata nta. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa nchi ya Wahadzabe huitikia mluzi wao zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao wa Msumbiji. Maana yake ndege hujifunza lugha ya majirani zake. Mahali pengi Afrika mapatano haya yamekufa, kwa kuwa sukari ya dukani imewafanya watu waache kuita.

Kwa hiyo naomba mchango wa mwaka huu ununue darubini za kutazamia ndege, madaftari, na nauli ya wanafunzi kwenda Yaeda na mwalimu wao, kwa idhini ya wenyeji, wakaulize na kuandika. Tangi lije baadaye, mlinzi wake akishapatikana.